Mizani ya Mjomba Mbelwa

Mjomba alikuwa fundi wa korona,
mashine ile ilayo majani ya mkonge ikatema singa.
Mwaka niliozaliwa ikamla na vidole viwili.
Vinane vilivyobaki vilimtosha.

Jumamosi, baada ya isha, Muheza ikishazima redio,
alifunga dirisha, upepo usije ukapumua mezani,
akazamisha sigara kwenye ndoo ya uani,
akatoka tena kuikagua kama imekufa kweli,
ndipo akaniita:
"Mwamtoro, njoo. Na usipige chafya."

Juu ya kitambaa alichokidarizi mkewe
yalisimama maganda ya shaba, ishirini na nane,
midomo wazi, kama makinda yanayongoja mama.
Kila moja alilijua kwa ila yake:
hili lina kovu, hili limenenepa kiuno,
hili zee, limekwenda likarudi mara tisa,
lipumzishwe.
Fataki kitakoni. Baruti tumboni.
Kizibo cha kadi, singa za mkonge,
na marisaa yakimiminika
kwa sauti ya mtama ungoni.

Mizani ilitoka kwa sonara wa Ngamiani
aliyehama usiku na madeni yake.
Ilikuwa imezoea dhahabu;
ilipowekewa baruti ilitetemeka kwanza,
kama bibi harusi aliyepelekwa nyumba siyo.
Mjomba alizuia pumzi. Nami nikazuia yangu.
"Ikizidi chembe, kiburi," alisema.
"Ikipungua chembe, aibu."

Siku hizi napima mizani nyingine,
nane kwa nane, kwa ncha za vidole,
na neno likigoma kukaa
nazuia pumzi vilevile.

Mkaza mjomba, Mwanashaa, alipaza sauti toka jikoni:
"Watu hupika wakala!
Wewe wapika, wapanga kabatini."
Na kweli hakuwa akipiga.
Kibali kilining'inia ukutani kando ya kalenda,
bunduki ikalala kwenye gunia lake,
nguruwe wa porini wakala muhogo wetu
hadi wakaanza kuchagua.
Jirani Shekiondo akambandika jina:
Mlinzi wa Kabati.

Usiku mmoja wa vuli akapiga.
Mara moja tu.
Mbwa wote wa Muheza wakatoa ushahidi.
Watu wakamwagika na mapanga na tochi,
wakafuata damu hadi mtoni,
wakarudi na nyama ambayo kwetu haikuvuka kizingiti,
wakimsifu, wakimtafuta wamshike mkono.

Naye yuko matopeni, magoti chini, karabai mkononi,
anapapasa nyasi jani kwa jani.
Alipoikunja bunduki lilimruka.
"Ganda," alisema. "Ganda langu."
Shekiondo akacheka hadi akakohoa.
Mjomba akatafuta hadi adhana ya alfajiri,
shuka lake zito kwa umande.

Lilikuwa kwapani mwangu.
Lina joto, kama yai lililotagwa sasa hivi.
Nilikuwa na miaka tisa, nilitaka filimbi,
nikasimama mlangoni nikimtazama,
mkono umebana.
Baadaye nililipuliza mara mbili tu,
chooni, shuleni, mvua ikinyesha juu ya bati.

Alipokufa serikali ikaja kuchukua bunduki,
ikatuachia risiti.
Vikabaki kabati, mizani,
na daftari la hesabu alilotoka nalo korona:
tarehe, namba ya ganda, maoni,
mwandiko wa mtu anayeshika kalamu kwa vidole vitatu.
Nikafunua hadi usiku ule.

*Namba 14. Imepiga vizuri.
Ganda analo Mwamtoro. Asiambiwe.*

Mstari wa chini yake ni wa Jumamosi iliyofuata:
*Maganda 27*,
bila maoni.

Leo nimeliweka kwenye sahani moja ya mizani.
Imeshuka upande, imetulia.
Ile nyingine iko hewani,
na sijui niiwekee nini.