Buluu ya Kufuliwa

Diwani Quaresma alitaka pomboo.
Kila mji wa kando ya Tejo una pomboo wake, alisema,
na watoto hupenda kuwapanda mgongoni.
Mtaa ukakataa, mikono juu, kwenye ukumbi wa wazima moto.
Wakataka nguo.
Nguo?
Ndiyo, nguo zilizoanikwa,
kama tulivyoanika kabla ya maghorofa mapya
na ile barua yao ya kurasa nne:
marufuku kamba madirishani.

Kazi nikapewa mimi, mchomeleaji wa matangi,
nisiyewahi kushona hata kifungo.

Ndipo Deolinda akaja karakanani na mfuko wa plastiki,
ndani yake shati la marehemu, limekunjwa mara nne.
"Kata kwa hili," akasema,
kama anayemwagiza fundi cherehani.
Custódio alitengeneza mabehewa miaka thelathini na mmoja.
Mkono wa kushoto wa shati umepindwa juu ya kiwiko,
pindo limeshonwa kwa uzi mweusi,
maana chini ya kiwiko hapakuwa na cha kuvika.

Nikalitandaza juu ya bamba la milimita tatu,
nikalizungushia chaki,
nikaona haya, kama mtu aliyeingia chumbani mwa watu
bila kupiga hodi.

Chuma hakitaki kuwa kitambaa.
Kipashe kidogo, kinakudharau;
kipashe mno, kinalegea na kukucheka.
Ukosi peke yake ulinila siku tatu.
Nélia, mwanagenzi wangu, alipinda mikunjo
juu ya bomba, kwa nyundo ya mbao,
akikosea, akinyoosha, akikosea vizuri zaidi,
cheche zikimtoboa fulana
hadi naye akawa na nguo ya kuanika.
Matundu ya vifungo tuliyatoboa kwa keekee: saba.
Vifungo, sita.
Nilipotaka kuongeza cha tatu kutoka juu
Deolinda aliikazia macho nyundo yangu.
"Alikipoteza kwenye harusi ya dada yangu, akicheza.
Kiache kipotee."

Kisha rangi.
Muuzaji alikuwa na kitabu cha rangi mia mbili.
Deolinda akafunua, akalowesha kidole, akafunua.
Si hii. Si hii.
"Lakini mama, hii ndiyo buluu."
"Hiyo ni buluu ya dukani.
Mimi nataka buluu ya kufuliwa."

Tukachanganya hadi taa za barabarani zikawaka.
Nyeupe, kijivu, tone la manjano kwa ajili ya jua.
Bado.
Mwisho Nélia, kwa uchovu au kwa hasira, sijui,
akamiminia ndani ya ndoo
mafuta machafu ya kuoshea brashi.
Deolinda akainama, akatazama, akanyamaza.
"Hapo," akasema. "Hapo ndipo alipofikia."

Alhamisi, kreni, boliti kumi na sita.
Shuka mbili, suruali ya mtoto, soksi moja isiyo na mwenzake,
na shati, refu kuliko mwanamume yeyote wa mtaa,
pindo lake usawa wa kifua.
Upepo ukapanda kutoka mtoni.
Hakuna kilichopepea.
"Hazichezi," akasema mtoto mmoja kwa sauti,
nami nilikuwa nikijua hilo tangu bamba la kwanza,
nikilala nalo, nikiamka nalo.

Lakini lile tundu la tatu, lisilo na kifungo,
likaanza kupiga mluzi.
Mwembamba. Wa mtu anayenyoa.

Deolinda akasogea. Hakulia.
Alifanya lile analofanya kila mwanamke wa mtaa huu
akipita chini ya kamba:
akafinya pindo kwa vidole viwili
kujua kama limekauka.

Halikuwa limekauka.
Alama ya dole gumba ikabaki pale, na mistari yake yote,
na nusu ya kidole cha shahada.

Quaresma akanijia mbio:
meya yuko njiani, piga mkono mmoja haraka, paziba.
Nikamwambia brashi zote zimerudi karakanani.

Ilikuwa mfukoni,
inanilowesha paja.