Nani Mbele

Pesa tulizihesabia kitandani, mlango umekomewa.
Zangu za mwani, misimu mitatu,
zanuka pwani hata baada ya kukaa kabatini na udi.
Zako za karafuu, ulizochuma pishi kwa pishi
kwenye mikarafuu isiyo yako.
Tukazichanganya, tukazifunga kwa mpira mmoja.
Hilo ndilo la mwisho tulilokubaliana.

Wewe wataka Boksa.
Tangu Ramadhani ni Boksa, Boksa,
tangi lake kama nundu ya ng'ombe,
eti yapanda kilima cha Kangagani na magunia mawili
na mtu juu yake, wala haikohoi.
Picha yake umeitia ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto
ili isikunjike.
Na Faki anayo. Hilo hulisemi,
lakini kila Faki akipita, shingo yako yamfuata mpaka kwenye kona.

Mimi nataka vespa.
Ile ya kijani ya mwalimu Raya, kule Wete,
anaiuza kwa kuwa anahamia Unguja.
Ina pa kuweka miguu, pana kama sinia,
pa kuweka na kiroba cha kamba za mwani,
na mtu hupanda na gauni lake, halikunjuki, halifunuki.
Ukacheka hata ukatoka machozi.
"Yakhe Mize, vespa itatufia Ole, tena masika!
Kipuri chake kitoke Unguja kwa meli,
tukingoje kama mgeni wa Hija."
La kipuri ulisema kweli.
Nikanyamaza, si kwamba nimeshindwa.

Siku nne mtoto akawa tarishi.
"Ahlam, mwambie baba'ko chai tayari."
"Mwambie mama'ko nimeiona."
Mpaka Bi Time akauliza kupitia ukutani
kama humu ndani mna mgonjwa.

Usiku wa tano, taa imezimwa, ukaniuliza kwa upole:
"Hasa gauni lina nini?
Utakaa upande, kama wake za watu.
Mimi nitakushika njia."
Nikakaa kitako gizani.
Kumbe! Miezi yote hii
ulikuwa ukiniona mgongoni kwako,
nami nikijiona mbele,
alfajiri ya bamvua, maji yametoka mbali,
nimeshika usukani, naiwahi kazi yangu
bila kumwamsha mtu.
"Shaame," nikasema, "na nani kakwambia
kwamba dereva ni wewe?"

Hukujibu. Niliusikia mdomo wako ukifunguka na kufunga.

Asubuhi ukalitoa benchi la uani,
lile la miguu mitatu na tofali.
"Haya, kaa. Nione."
Nikakaa mbele, nikashika hewa.
Ukakaa nyuma, mikono hujui uiweke wapi,
ukaiweka magotini, kisha ubaoni,
mwisho kiunoni kwangu, kidogo tu,
kama mtu anayejaribu sufuria kama lina moto.
Ahlam akatufanyia mlio wa injini kwa midomo, mate yakamruka.
Tulipofika kona, yaani pale penye mti wa ndimu,
ukalala nayo upande mmoja pamoja nami,
na tofali likateleza.

Tulianguka chini, kanga yangu na kofia yako.
Bi Time akachungulia: "Ehe! Mgonjwa kapona?"

Bado hatujanunua.
Wewe wasema Boksa pia ina breki za mwanamke kuzimudu,
mimi nasema vespa haijamfia mwalimu Raya hata siku moja,
mkwenda na mrudi, miaka sita.
Pesa zimo mle mle, na mpira wake.
Ila jana nilikukuta uani peke yako,
umelirudishia benchi tofali lake,
umekaa nyuma,
na mbele umeacha nafasi ya mtu.