Mistari Thelathini na Tisa

Watu mia mbili na kumi na wanne
waliwahi kutia mkono katika programu yetu huria,
na leseni haibadiliki mpaka kila mkono ukubali.
Mia mbili na kumi na watatu walijibu:
mmoja kwa neno moja, "Sawa",
mwingine kwa kurasa sita za hasira, kisha sawa.

Heldur Kasemaa hakujibu.
Heldur alikwisha kufa.

Wakili wetu wa Riga alinieleza bila kuinua macho:
hakimiliki haizikwi na mwenyewe,
humsindikiza hadi kaburini, ikarudi nyumbani
ikakaa na mjane miaka sabini.
Nikapanda basi la alfajiri kwenda Tartu,
theluji dirishani, mkataba mapajani.

Bi Maarika alinifungulia, viganja vimejaa unga.
"Mistari mingapi?"
Thelathini na tisa.
"Inafanya nini?"
Inajua, nikasema, ni usiku upi wa Machi
saa husogezwa mbele, na upi wa Oktoba hurudishwa,
nchi kwa nchi, hata zile zilizoachana na mambo hayo.
Alicheka mpaka akashika meza.
"Huyo? Hebu tazama saa ya jikoni."

Ilitangulia kwa saa nzima.
Kiangazi chake cha mwisho kilikuwa hakijatoka humo.

Nikamfungulia kompyuta.
Msimbo hakuujua; alisoma palipokuwa na maneno,
juu ya mstari wa kumi na mbili, kwa Kiestonia:
*Usiguse hapa. Inafanya kazi, sijui kwa nini.
Leelo anaota jino, silali.*
Akarudia kusoma. Akavuta kiti.
"Leelo sasa ni daktari wa meno," akasema,
na hakuna aliyecheka.

Nikasogeza mkataba.
*Nahamisha miliki yote, milele, kwa Wakfu.*
Nilikuwa na hotuba, niliifanyia mazoezi njiani:
mali bila daftari hupotea bila habari,
na daftari ndio sisi.
Sikufika hata kwenye mali.
Alichukua kalamu ya orodha ya sokoni,
akakata *nahamisha*,
juu yake akaandika *naruhusu*.

"Alitoa akiwa hai, sitanyang'anya.
Tumieni, geuzeni, wapeni na wengine,
jina lake liacheni lilipo.
Lakini nikikupa mkate
sijakupa tanuri."

Akatia sahihi. Unga ukabaki juu ya muhuri.
Neno lile moja litamla wakili wiki nzima.

Nilifika kituoni saa nzima kabla ya basi;
niliiamini saa ya jikoni.
Sikuwa na la kufanya, nikatafuta katika simu
mkataba wangu mwenyewe, wa miaka tisa nyuma,
niliousaini bila kuusoma.
Nikalitafuta neno.
Lilikuwepo, zima, halina hata mkwaruzo.