Njia ya Kushukia

Barabara kubwa ya kwenda Ipogolo naijua
kona kwa kona, kwa harufu ya breki zilizoungua.
Malori ya Dodoma hushuka yakikohoa
na mimi pembeni, juu ya foniksi ya marehemu baba,
nusu lamini, nusu mferejini,
nikiwaza mchicha tu, nisiwaze kingine.

Saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya Mei
imeniuma vidole hata sijui kama nimeshika breki
au nimeshika wazo la breki.

Siku hiyo lori lilinipuliza kama kibatari.
Sikuanguka. Lakini nilipofika vinyunguni
nilikaa juu ya ndoo, nikaapa:
kati ya mtaa na mto lazima ipo njia nyingine.

Jumapili ya kwanza nilipitia Mshindo,
nyuma ya mashine ya kusaga.
Kijia kikanipokea, kikanishusha kwa adabu,
kikaishia jikoni kwa mtu.
Mama anasonga ugali, analitazama tairi langu
lilivyosimama karibu na mafiga.
"Kamwene," nikasema.
"Kamwene. Umepotea, au umekuja kula?"
Vyote viwili, mama. Nikanawa.

Jumapili ya pili, Makorongoni.
Jina lilikuwa limeshanionya, sikusikia.
Korongo likaumeza mguu wa mbele wa baiskeli,
likautema umejikunja kama chapati ya jana.
Nikaibeba begani hadi kwa fundi Mhongole,
kijana mwenye spoki mdomoni badala ya sigara.
Akazungusha, akagonga, akasema:
"Fuata mkondo wa masika, hata kama umekauka.
Maji hayajawahi kuuliza mto uko wapi."
"Maji hayana breki, fundi."
"Na wewe unazo? Lete mia tano nikukazie."

Nikaufuata. Ukanipitisha nyuma ya choo cha shule,
chini ya kamba za nguo, mashuka yakinipiga usoni,
hadi kwenye ukuta mpya, saruji bado mbichi.
Wiki iliyopita haukuwepo.
Njia za huku hubadilika kama bei ya nyanya.

Nimesimama pale, nataka kulia kidogo,
ndipo akaja Vaileti, beseni kichwani,
umri wake miaka minane, au tisa akikasirika.
Hakuniuliza kitu. Akainama, akapenya
kwenye pengo la michongoma nisingeliona mwaka mzima.
"Sisi tukienda kufua tunapita hapa," akasema toka upande wa pili,
"lakini hiyo yako ina masikio mapana."
Tukayakunja masikio. Usukani ukapita.

Halafu hatua arobaini za mawe. Nilizihesabu.
Hapo haipandwi baiskeli, hubebwa.
Miaka kumi na moja imenibeba bila neno;
hatua arobaini si deni kubwa.

Na chini: Ruaha Mdogo.
Kijia cha udongo mweusi kando ya maji,
tambarare, kimekanyagwa kikalainika,
mabingobingo huku, milanzi kule,
na kwenye machipukizi vikombe vya ulanzi wa mwisho wa msimu
vinadondokewa tone, kimya, tone.
Hakuna honi. Mnyororo wangu peke yake unasema
kile ambacho barabarani sikuwahi kukisikia:
unahitaji mafuta.

Nimeichora njia nyuma ya kalenda ya mwaka jana.
Mashine. Choo. Mashuka (siku za jua tu).
Pengo, nikaandika: muulize Vaileti.
Wenzangu watatu wa sokoni wameshanakili.
Mmoja amekosea, ametokea tena jikoni kwa yule mama;
anasema ugali ulikuwa mzuri.

Ila hiyo ni ya kushukia.
Ya kupandia, na gunia la chainizi nyuma,
jua la saa nne likinikalia mgongoni,
hiyo bado.
Jumapili nitaanzia Kitwiru.
Ukiniona nimesimama uani kwako na baiskeli,
usifungue mbwa.
Niulize tu kama nimekula.