Umoja na Wingi

Kitabu alikinunua kwa yuro mbili
sokoni Jumamosi, kando ya mto Drava,
kati ya kufuli zisizo na funguo na sahani zenye nyufa.
Jalada limelegea. Ndani, mwanafunzi wa zamani
ameandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa wa tisa: "Sielewi",
na kwenye wa kumi na moja: "Bado".
Kuanzia wa kumi na tatu, kurasa ni safi.
Cvetka akasema moyoni: huyu nitampita.

Ana miaka sitini na mmoja. Hufua mashuka ya hospitali ya Ptuj,
zamu ya alfajiri, mashine saba zikinguruma pamoja.
Hakuna aliyemtuma. Hakuna mtihani.
Kuna jiwe tu, limejengewa ukutani karibu na duka la mikate,
jiwe la Warumi, pua ya sanamu imeliwa na mvua,
na herufi alizozipita miaka arobaini
kama mtu anayempita jirani bila salamu.

Akaanza. Rosa, rosae, rosae, rosam.
Waridi lilelile, kila mara limevaa mkia mwingine.
Lugha yake nayo ina mikia, lakini hiyo aliivaa utotoni
bila kuihesabu.
Anakunja shuka: pembe ya kwanza, mtenda;
ya pili, mwenye mali;
ya tatu, mpewa; ya nne, mtendwa.
Pembe zimekwisha, na mikia miwili imembakia mkononi.
Nusura alie. Akacheka.

(Sisi tuliozaliwa na ngeli midomoni,
tunaosema kiti hiki kimevunjika bila kuhema,
tusimcheke.)

Padri Hotimir, mstaafu, huiita mbingu "chelum".
Kijana wa kwenye simu, mwenye masikio makubwa, huiita "kailum".
Cvetka alifungua dirisha akaita kwa majina yote mawili.
Wingu lilikuwa lilelile,
halikugeuka kuangalia nani anaita.

Usiku, kitenzi hujificha mwisho wa sentensi.
Husubiri, kidole kwenye mstari,
kama alivyomsubiri Bogomir na hadithi zake:
farasi, jirani, daraja, theluji, shemeji,
haya, kikatokea nini, we mwanamume?
Machi ya mwaka juzi Bogomir alikufa
kabla ya kitenzi.

Na hapa ndipo alipojikwaa.
Lugha ya Cvetka ina umoja, ina wingi,
na katikati ina chumba kidogo cha watu wawili tu.
"Greva," husema: twende, mimi na wewe, asiwepo mwingine.
Miaka thelathini na sita alisema greva akichukua funguo.
Hata sasa humwambia mbwa.
Akafungua jedwali la Kilatini kutafuta chumba hicho.
Amo, amas, amat. Kisha, bila hodi, amamus:
sisi, umati mzima, uwanja wa mpira.
Akahesabu tena. Akauinua ukurasa kwenye taa,
labda wino umefifia.
Hakipo. Warumi walijenga barabara, wakajenga mifereji,
chumba cha wawili wakakibomoa.

Akakifunga kitabu siku nne.

Ya tano, mashine namba tatu ilikwama,
na katika kumngoja fundi akaangukia orodha ya nambari:
duo. Chini yake, kwa herufi ndogo, ambo,
wote wawili. Maelezo: masalia ya kale,
hunyumbuka kivyake, yahifadhiwe kwa moyo.
Akatoa penseli, akaandika pembeni,
kwenye ukurasa ambao yule mwanafunzi hakuufikia:
"Nimekiona."

Jumapili alisimama mbele ya jiwe, mbwa ubavuni.
Alisoma maneno matatu kati ya kumi na moja:
mke. Miaka. Hapa.
Mengine bado ni mvua tu.
Mwenye duka akatoka na unga mikononi: linasema nini?
"Ngoja," akajibu, "kitenzi kiko mwisho."
Kisha akavuta kamba ya mbwa. Greva.