Lita Kumi na Mbili

Shamba la ushirika lilipovunjwa, Genovaitė
alipewa hekta tatu, ng'ombe wawili
na karatasi yenye muhuri.
Ng'ombe mmoja akampa jina: Muhuri.
Huyu wa sasa ni kitukuu wake.

Leo lori la maziwa limepita bila kusimama.
Lita kumi na mbili, dereva alishasema,
hazilipii hata breki.

Mwanawe yuko Denmark: anakamua kwa mashine
ng'ombe mia nne wa mtu mwingine,
na kila mwezi hutuma pesa
za nyasi kavu.

"Uza, mama," simu inasema.
Nje, theluji imefika kiunoni mwa uzio.
"Nikimuuza Muhuri,
alfajiri nitaamka kwa ajili ya nani?"

Kisha anaiosha ndoo,
iliyokuwa safi.