Alhamisi, Saa Nane ya Usiku

Mfereji wa korido tumeuacha wazi tangu magharibi,
chini yake sufuria, makusudi,
tone la kwanza likianguka lituamshe.
Ratiba imebandikwa langoni:
Alhamisi, saa nane ya usiku.
Wiki jana pia ilikuwa Alhamisi.
Na ile ya kabla yake.

Kwa Moraa, mlango wa pili, maji yana vyeo.
Ya kwanza ni ya chai na ya mtoto.
Ya pili yameosha mchele, sasa yanaosha vyombo.
Ya tatu yamepita kwenye soksi za shule,
yanangoja zamu yao chooni,
meusi, na hakuna anayeyadharau.
Juzi Kerubo aliteleza na kikombe.
Yakimwagika hayazoleki, tulifunzwa hivyo.
Mama yake akapiga magoti na tambara,
akayazoa,
akayakamua ndooni.

Aprili maji haya haya yalikuja bila ratiba.
Yalipanda ngazi tatu, yakabeba godoro,
yakabeba kuku wa Mulwa pamoja na tundu lao,
yakashika njia ya Athi bila kuaga.
Nani ana mtungi wa kutekea mafuriko?

Sasa ni Februari.
Vuli ilipita kama mgeni asiyevua viatu.
Mwaka niliohamia Umoja
mwenye ploti alipata maji kwa mita mia.
Mwaka huu mashine imefika mia mbili na sitini:
ikatema vumbi, ikatema tope,
kisha maji ya chumvi ambayo sabuni inayakataa.
Mulwa, aliyepoteza kuku kwa maji,
siku hizi anayauza kwa mkokoteni.
Jerikeni ni ishirini asubuhi,
na hamsini jua likifika utosini.
"Si mimi," anasema, akifuta shingo. "Ni foleni ya kule."
Namwamini. Namlipa. Namnunia.

Saa nane na robo.
Bomba linakohoa ndani ya ukuta.
Milango inafunguka yote, ndoo zinagongana,
Kerubo amesimama na kanga ya mamake, macho nusu.
Mfereji unapiga chafya.
Hewa.
Hewa baridi yenye harufu ya chuma,
ndefu, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kusema uongo.
Na nje, juu ya lango, mita inazunguka,
inahesabu kwa bidii;
mwisho wa mwezi tutalipia upepo.

Wengine wanarudi kulala.
Moraa haufungi mfereji.
Anaisogeza sufuria kidogo,
iwe katikati.